Tunapanga safari ya kuona mbingu inayowaka

Video yenyewe haikuzidi dakika moja. Ilitufikia Jumapili moja ya Novemba 2025, katikati ya mkutano wa komite yetu ya sendika, wakati tulikuwa tunabishana juu ya mfuko wa kusaidia wenzetu walioumia kazini. Mdogo wa mwenzetu mmoja anaishi Norwe. HCR ndiyo ilimpeleka kule, akitoka kambi ya wakimbizi ya Uganda, kama Wakongomani wengine wengi wa Kivu. Ndani ya telefone tuliona theluji, nyumba ya mbao, na juu ya nyumba mbingu inacheza. Rangi ya kijani ilikuwa inajikunja na kujikunjua kama pazia la mlangoni upepo ukipita. Pembeni palikuwa na wekundu kidogo.

Telefone ilizunguka mkono kwa mkono. Tulikuwa watu 17 chini ya bati la shule, wengine wa Masisi, wengine wa Walikale. Mahali hatutaandika, na msomaji anaelewa sababu.

"Ile ni moto ama ni mawingu?" mzee mmoja aliuliza. Kijana aliyekaa nyuma yake akasema ni bomu. Tusimcheke. Mtu wa kwetu akiona mwanga usiku, wazo la kwanza ni lile.

Kisha mwenzetu wa Walikale, mtu asiyesema sana, alirudisha telefone kwa mwenyewe na kusema: "Nyinyi watu wa Masisi muko na nyekundu yenu ya mulima. Mimi niko na miaka kumi na mbili ndani ya kazi hii, ile sijaionaka hata siku moja."

Basi safari yetu ilianzia hapo. Tunaiandika kwa sababu wengi wametuuliza, na wengine wametucheka kwamba sendika imekosa kazi ya kufanya, sasa inaangalia nyota.

Kwanza tulihesabu ile safari ya mbali, kwa sababu vijana hawakutaka kuiacha kirahisi. Mtu akitaka kuona mwangaza wa kaskazini, anatakiwa kwenda karibu na ncha ya dunia, katika miji kama Tromsø ya Norwe, na aende kati ya Septemba na Machi. Wakati wa joto lao jua halizami kule, usiku unakuwa mweupe kama mchana, na mwangaza hata ukiwapo hauonekani. Katika baridi kali mambo yanageuka: toka mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halichomozi kabisa pale Tromsø. Mtu anaamka giza, anakula giza, anaenda kazi giza. Tuliposoma hivyo, mmoja wetu akasema hata sisi tunaishi hivyo, ni vile tu hakuna anayelipa tikiti kuja kutuangalia.

Ule mwanga unatoka wapi? Hili lilituchukua nusu ya mchana, na hatukujuta. Jua linarusha chembe ndogo sana za umeme usiku na mchana. Dunia nayo ni sumaku kubwa. Kila aliyefanya kazi na watu wa jeolojia ameona dira yao: kwetu karibu na ikweta sindano inalala karibu sawa na ardhi, lakini ukienda kaskazini sana inataka kuchoma chini. Chembe za jua zinafuata njia ileile ya sumaku, ndiyo maana zinashukia karibu na ncha za dunia, hazituangukii sisi. Zikifika juu kule, kilomita 100 na zaidi toka ardhini, zinagonga hewa na hewa inatoa mwanga. Oksijeni inatoa kijani. Juu zaidi, kupita kilomita 200, inatoa nyekundu. Ni kama ile taa ndefu ya dukani: ndani hamna moto, kuna gazi tu, na umeme ukipita gazi inawaka. Mnorwe mmoja, Kristian Birkeland, alionyesha jambo hili zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa kutengeneza dunia ndogo ya sumaku ndani ya chombo cha kioo na kuipigia umeme.

Kwa hiyo Masisi, ambayo iko digri moja na nusu tu kusini mwa ikweta, haiwezi kungojea pazia lile. Mei 2024 jua lilichafuka sana, na mwanga ukapigwa picha hadi Namibia, upande wa ncha ya kusini. Kwetu hakuna aliyeona kitu.

Tukafika kwenye makaratasi. Viza ya nchi zile peke yake ni euro 90, na ukikataliwa hazirudi. Wanataka asiransi ya ugonjwa inayofika euro 30,000. Wanataka karatasi ya benki. Wanataka pia barua ya mwajiri inayosema kwamba mtu fulani anafanya kazi kwake, amepewa likizo toka siku hii mpaka siku ile, na atarudi.

Kwenye barua hii tulisimama muda mrefu kuliko kwenye euro.

Ndani ya komite yetu kuna watu wa aina mbili. Kuna wafanyakazi wa mshahara, hasa upande wa Walikale, wenye kontra na namba. Na kuna wachimbaji wa mkono, hasa upande wa Masisi, wenye karatasi ya mchimbaji na koperative yao, lakini bila mwajiri. Mchimbaji wa mkono hana wa kumwandikia barua. Akipumzika siku moja, siku ile hakuli. Kuhusu wa mshahara, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa likizo, ile tunaita konje, isiyopungua siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliofanya. Ni siku 12 kwa mwaka, na zinaongezeka kidogo kadiri anavyozeeka kazini. Tuliuliza pale mkutanoni: nani amekula konje yake yote mwaka huu? Mikono miwili ilipanda. Mwenzetu mmoja aliambiwa na wakubwa wake, miaka mitatu kwa kufuatana, achukue franka kidogo badala ya siku zake, na yeye akachukua kwa sababu shule ilikuwa inadai. Kampuni hatutaitaja. Lakini tulimwambia uso kwa uso, naye akakubali, kwamba konje haiuzwi kama kilo ya mchanga. Angalau sasa tunajua tudai nini Januari.

Kabla ya kuuacha mbali ule wa kaskazini, tulikutana na mji mmoja uliotushika sisi watu wa migodi. Unaitwa Kiruna, kaskazini ya Uswidi. Watalii wanauendea kwa mwangaza, na watu wa sayansi wana taasisi yao pale ya kuchunguza anga, lakini mji ulizaliwa kwa sababu ya chuma. Kampuni ya LKAB inachimba pale tangu zaidi ya karne moja, na sasa ngazi kubwa ya kazi iko kwenye mita 1,365 chini. Udongo wa juu umeanza kukatika kwa sababu ya mgodi, kwa hiyo wanahamisha mji. Agosti 2025 walibeba kanisa lao la mbao, zima kama lilivyo, tani 672, juu ya magari yenye matairi mengi, kilomita 5, kwa siku mbili. Mama mmoja aliuliza kama waliulizwa kwanza kabla ya kuhamishwa. Swali zuri. Sisi tunajua vijiji vilivyohamishwa bila hata kubeba mlango.

Wachimbaji wa kule waligoma Desemba 1969, karibu watu 5,000, na hawakurudi kazini mpaka Februari ya mwaka uliofuata. Walitaka mshahara wa mwezi badala ya kulipwa kwa kipimo, na walitaka wasimamizi wawaheshimu. Hawakungojea ruhusa ya wakubwa wa sendika yao wenyewe. Sisi tulio kwenye komite tulisoma mstari huo mara mbili, tukatazamana. Waligoma katika giza lile la baridi, na bila shaka usiku kadhaa mwangaza ulicheza juu ya vichwa vyao bila mtu kulipa kitu.

Sasa turudi nyumbani.

Mtu wa Masisi amezaliwa chini ya mwangaza wake. Upande wa mashariki iko milima miwili ya moto, Nyamulagira yenye mita 3,058 na Nyiragongo yenye mita 3,470. Nyamulagira ndiyo iko karibu nasi zaidi, na kwa kupasuka mara kwa mara hakuna unaoushinda Afrika nzima. Moto ukiwa juu, usiku mawingu yanakuwa mekundu, mara kama makaa, mara kama damu ya ng'ombe. Si taa ya gazi kama ile ya kaskazini. Ni mawe yaliyoyeyuka yanayopiga mawingu kwa chini. Wazee walituambia kwamba roho za wafu zinakaa mle ndani, na usiku wa wekundu mkali mtoto hakuruhusiwa kunyoosha kidole. Sisi tulinyoosha tu.

Kama mchimbaji anataka kujua joto la kule, afikirie hivi: bati safi inayotoka kwenye kasiterite yetu inayeyuka kwenye digri 232. Lava ya Nyiragongo inafika karibu digri 1,000, ingeigeuza maji mara moja. Lakini tantale, ile ya ndani ya koltani, haiyeyuki mpaka upite digri 3,000. Mlima wenyewe hauwezi kuishinda. Jambo hili lilipendwa sana mkutanoni, na nusu saa nzima hatukurudi kwenye ajenda.

Tunaulizwa: mtu wa Walikale amekosaje kuona? Asiyejua nchi anafikiri Masisi na Walikale ni kitu kimoja kwa kuwa zinaandikwa pamoja kila mara. Masisi ni vilima vya majani, ng'ombe, baridi na macho yanayofika mbali. Walikale ni msitu. Unaingia chini ya miti na mbingu inakuwa ndogo kama sahani. Wale waliobeba mizigo zamani kutoka Bisie, kasiterite kilo 50 mgongoni, siku mbili kwa miguu mpaka Njingala, wanasema walikuwa wanaona tu visigino vya mtu wa mbele. Kuanzia 2002 Bisie ilijaza watu, na kwa miaka fulani sehemu kubwa ya kasiterite ya Kivu ya Kaskazini ilitoka pale. Ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara pale Kilambo kuichukua. Watu walizeeka mle bila kujua kwamba Masisi jirani usiku wanawashiwa taa bure.

Na ile telefone iliyopiga picha ya Norwe? Bati inashikanisha vipande vyake, tantale inatunza umeme ndani yake. Umoja wa Mataifa umeandika kwamba Rubaya peke yake inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Hatuwezi kusema kipande kile kilitoka kwenye shimo letu. Hatuwezi pia kusema hakikutoka.

Zamani safari ya kuona moto ilikuwa kitu cha wageni. Walikuwa wanaanzia Kibati, wanapanda saa nne mpaka sita na walinzi wa pariki ya Virunga, wanalala juu kwenye mdomo wa shimo, wanaangalia ziwa la moto usiku kucha. Mgeni alilipa dola 300. Wenzetu waliwahi kubeba mizigo yao tu. Machi 2020 pariki ilifungwa sababu ya Korona. Mei 2021 mlima ukapasuka. Kisha vita. Kwa hiyo kupanda hatukupanga, na hata njia ingekuwa wazi tusingepanga. Tunataka kuona wekundu kwa mbali, kutoka kilima cha upande wa Mushaki, ambapo mtu akisimama anaona milima na pia ziwa Kivu.

Kwa mbali kuna sababu nyingine pia. Huu si mwangaza wa kuchezea. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja, na lava ya mlima huu ni nyepesi, inakimbia kuliko mtu. Tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya Goma, ikala maduka, ikafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila nyumba. Sisi tulikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, tulisimama juu ya vilima vyetu na kuona usiku umekuwa machungwa. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, ikarudi tena, ikasimama Buhene karibu na mji. Siku tano baadaye mkuu wa jimbo aliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, na watu wakaja Sake na Masisi kwa miguu, na magodoro kichwani. Tuliwapokea. Nyumba moja ya mwenzetu ililala watu 23. Kwa hiyo mtu akituambia tunakwenda kufurahia msiba wa wenzetu, tunamjibu kwamba tunaujua msiba ule kwa sufuria zetu.

Tangu 2021 lile ziwa la moto lilishuka, na wekundu wa Nyiragongo mara unaonekana, mara unapotea. Hili lazima liandikwe wazi kwa kila aliyelipa: tunaweza kufika na kukuta giza tupu. Hata wale wanaolipa maelfu ya euro kwenda Tromsø wanakaa usiku tatu, nne, chini ya mawingu, na wengine wanarudi na picha za theluji tu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa pesa. Vijana walisema mfuko wa sendika una franka, zitoke pale. Mama anayetunza mfuko, ambaye mume wake alibaki chini ya udongo, hakupandisha sauti. "Hii franka ni ya mifupa iliyovunjika," alisema, "haiko ya macho." Hakuna aliyejibu. Kulikuwa na mtu mwenye mguu wa kuvunjika amekaa palepale karibu na mlango, na dawa zake za mwezi ule hazijalipwa.

Tulifikiri safari imekufia hapo. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyeendelea. Alisema kama watu wanataka kuona, wafanye likelemba ya pembeni, daftari lake, sanduku lake, na mfuko wa wagonjwa usiguswe hata kwa mkopo wa siku moja. Kila mtu franka 1,000 kwa wiki. Akatoa ya kwake kwanza, tarehe 30 Novemba. Watu 17, wiki 32 mpaka tarehe 5 Julai 2026: ni franka 544,000. Si nyingi. Zitalipa pikipiki za watu sita wa Walikale, kwenda na kurudi kwa sehemu zinazopitika, na chakula cha usiku mmoja: viazi, maharagwe, jibini ya Masisi. Za bariyeri hatukuzihesabu, bei inategemea nani amekaa juu ya benchi siku ile. Mchimbaji wa mkono atakayekosa siku mbili za kazi, ekipe yake imekubali kumtilia fungu lake kana kwamba alikuwako. Jambo hili la mwisho lilipita kwa kura 11 kwa 6, na wale sita bado hawajafurahi. Wanasema ukianza kumlipa mtu kwa kuangalia mawingu, kesho atataka kulipwa kwa kulala. Sisi tuliopiga kura ya ndiyo tunaona hiyo ndiyo likizo ya kwanza ambayo wachimbaji wa mkono wamejipa wenyewe, na tutaitetea.

Siku tuliyochagua ni Jumamosi tarehe 11 Julai. Ni kiangazi, mvua hakuna, udongo umeshikana na njia haitelezi. Mwezi pia umepimwa: utakuwa umebaki ukucha tu, utachomoza karibu na alfajiri, kwa hiyo usiku wote ni giza. Ikishindikana, tutajaribu Jumamosi tarehe 8 Agosti, nayo iko karibu na mwezi wa giza. Baada ya hapo ni Septemba, mvua inarudi, na mashimo yanaanza kuanguka. Wakati huo komite haina nafasi ya kwenda popote.

Kuhusu njia hatutadanganya mtu. Kwenye karatasi ni barabara moja ya taifa: Walikale, Kashebere, Nyabiondo, Masisi-centre, Mushaki. Katika mwaka huu wa 2025 imekatwa vipande. Machi vita ilifika hadi Walikale-centre, na mgodi mkubwa wa Bisie ulisimamisha kazi karibu mwezi mzima. Rubaya ilibadilisha wakubwa tangu Aprili 2024. Kiwanja cha ndege cha Goma kimefungwa tangu mji ulipochukuliwa mwisho wa Januari. Kutoka Walikale kuja kwetu mtu anapita kwa watu wenye bunduki wa aina tatu, nne, na kila mmoja anauliza unatoka wapi na unaenda kufanya nini. Tulijaribu kufikiri jibu. "Tunaenda kuona mlima." Nani ataamini? Tumekubaliana kwamba kama mwezi wa Juni njia iko vile ilivyo leo, hakuna atakayeondoka, na pesa zitabaki ndani ya sanduku mpaka kiangazi kingine. Roho ya mtu mmoja haitoki kwa ajili ya mawingu mekundu.

Kitu kingine ni mazuku. Kila mtu wa Sake na Goma analijua neno hili, na wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wamelichukua vilevile kwa Kiswahili: ni gazi isiyo na rangi inayotoka ardhini na kulala mabondeni, nzito kuliko hewa. Kondoo anaingia kula majani, haamki. Mtoto vilevile. Watu wa mashimo hatuhitaji kufundishwa sana, tunajua hewa inavyoisha chini na mshumaa unavyozimika kabla ya kichwa kuanza kuzunguka. Hivyo sheria ya safari ni moja: hakuna kulala bondeni, hata kama kule chini hakuna upepo. Tutalala juu, kwenye baridi.

Baridi ndiyo inawasumbua wenzetu wa Walikale kuliko bunduki, ukiwasikiliza. Kule msituni mtu analala na singleti. Tumewaandikia walete sweta, soksi, na kitu cha kufunika masikio. Wiki iliyopita dereva mmoja wa pikipiki alitufikishia franka 3,000 zilizofungwa ndani ya karatasi ya daftari, malipo ya wiki tatu za mbele ya yule mwenzetu asiyesema sana. Ndani ameandika kwamba sweta amekwisha kuipata sokoni Njingala. Ni ya mtoto wa shule, mikono inaishia kwenye kiwiko, lakini rangi yake ni nzuri. Anauliza kama mtu wa Masisi anaweza kumwazima nyingine ya kuvaa juu.

Tumemjibu kwamba zipo mbili.